Billy Meredith: Mchawi wa Wales, rushwa ya pauni 10 na mechi iliyopangwa mwaka 1915

Mkeka ukichanika Jumamosi jioni, kijiweni hakosekani mtu wa kusema mechi ilipangwa. Timu kubwa imefungwa na timu ndogo, penalti imepaa, kipa ameteleza, basi wamekula hela. Mara nyingi hayo ni maneno ya mtu aliyepoteza fedha yake na anatafuta wa kumlaumu. Lakini si kila mara ni uzushi. Huko England, ambako ligi yake inafuatiliwa na kubetiwa mpaka vijijini kwetu, kuna mechi zilizothibitika kupangwa na wachezaji wenyewe. Moja ya hizo ilikuwa kati ya Manchester United na Liverpool.

Siku ya mechi hiyo, upande wa kulia wa United alikuwepo mtu mwenye umri wa miaka 40, mwembamba, miguu yake imepinda kidogo, na kijiti cha meno kikiwa mdomoni kama kawaida yake. Huyo ni Billy Meredith, mmoja wa mastaa wa kwanza wakubwa wa soka duniani. Miaka kumi kabla ya hapo yeye mwenyewe alikuwa amefungiwa kwa kosa la kutaka kumhonga mchezaji wa timu pinzani. Maisha yake yanatusaidia kuelewa jinsi fedha, mishahara midogo na kamari vilivyoingia kwenye soka tangu zamani.

Kutoka mgodini

William Henry Meredith alizaliwa tarehe 30 Julai 1874 karibu na mji mdogo wa Chirk, kaskazini mwa Wales. Eneo hilo liliishi kwa makaa ya mawe. Familia yake ilikuwa ya Wamethodisti waliofuata dini kwa makini. Akiwa na umri wa miaka 12 tu alianza kazi katika mgodi wa Black Park, akiendesha farasi wadogo waliovuta mabehewa ya makaa chini ya ardhi.

Soka aliipata shuleni na mtaani. Chirk ilikuwa na mwalimu aliyeupenda mchezo huo na aliyewafundisha vijana wengi waliokuja kuichezea Wales. Mwaka 1894 Meredith alikuwemo kwenye kikosi cha Chirk kilichotwaa Kombe la Wales, na mwaka huohuo Manchester City ikamfuata.

Mama yake hakupenda. Kwake yeye, mpira ulikuwa mchezo wa kujifurahisha, na kazi ya mwanamume ilikuwa mgodini. Ndiyo maana katika mwaka wake wa kwanza City, Meredith aliendelea kuchimba makaa. Wiki nzima alikuwa ardhini, siku ya mechi anapanda treni kwenda kucheza, kisha anarudi nyumbani kuingia tena mgodini.

Alicheza winga ya kulia. Alikuwa na mbio, alijua kuwapunguza mabeki karibu na mstari, na krosi zake zilimfika mshambuliaji mahali alipo. Mashabiki walimwita Mchawi wa Wales. Kile kijiti cha meno kikawa alama yake, kiasi kwamba wachora katuni wa magazeti hawakuhitaji kuandika jina chini ya picha.

Tarehe 23 Aprili 1904 aliiongoza City kama nahodha katika fainali ya Kombe la FA dhidi ya Bolton Wanderers. City ilishinda 1-0, na bao hilo alilifunga yeye. Lilikuwa kombe kubwa la kwanza katika historia ya klabu hiyo.

Pauni 10 za Aston Villa

Mwaka mmoja baadaye mambo yaliharibika. Mwishoni mwa Aprili 1905 City ilikwenda kucheza na Aston Villa katika mechi ya mwisho ya msimu. Bado ilikuwa kwenye mbio za ubingwa na ilihitaji kushinda. Mechi ilikuwa ya vurugu, wachezaji wakarushiana ngumi, na Villa ikashinda 3-2.

Chama cha Soka cha England, yaani FA, kilianza kwa kuchunguza ugomvi ule. Katikati ya uchunguzi likajitokeza jambo zito zaidi. Nahodha wa Villa, Alex Leake, alieleza kwamba Meredith alimwahidi pauni 10 ili Villa iachie mechi.

Leo pauni 10 ni kama nauli ya teksi mjini London. Wakati ule ilikuwa zaidi ya mshahara wa wiki mbili wa mchezaji, kwa sababu FA ilikuwa imeweka kiwango cha juu cha mshahara kuwa pauni 4 kwa wiki. Hata staa aliyejaza uwanja hakuruhusiwa kulipwa zaidi ya hapo.

Mwezi Agosti 1905 FA ilimtia hatiani Meredith, ikampiga faini na kumfungia mwaka mmoja. Mwanzoni alikana kabisa. Baadaye alibadili maelezo, akadai kwamba wazo lilikuwa la meneja wake, Tom Maley, na kwamba wachezaji wenzake walilijua. Maley alikana. Mpaka leo hakuna anayeweza kusema kwa uhakika nani alimtuma nani. Kinachojulikana ni kwamba aliyeadhibiwa kwa rushwa ile alikuwa Meredith peke yake.

Siri ya mishahara yafichuliwa

Akiwa kifungoni, Meredith alitegemea City imsaidie kimyakimya. Klabu ilikuwa inaangaliwa na FA, ikaogopa. Yeye akaendelea kudai fedha zake, na mwishowe City ikamshtaki kwa FA kwamba anaisumbua.

Hapo ndipo alipomwaga mchele. Akaeleza kwamba City ilikuwa ikiwalipa wachezaji zaidi ya pauni 4 kwa siri, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa akichukua pauni 6 kwa wiki.

FA ilifungua vitabu vya klabu na kukuta ni kweli. Mwaka 1906 wachezaji 17 wa sasa na wa zamani wa City walifungiwa hadi mwisho wa mwaka huo na kupigwa faini. Meneja Maley na mwenyekiti wa klabu nao wakafungiwa. Timu iliyokuwa miongoni mwa bora nchini ikasambaratika, na wachezaji wake wakanadiwa kwa klabu nyingine.

Manchester United ilikuwa imeshamwahi Meredith. Pamoja naye ilichukua wenzake kadhaa, akiwemo mshambuliaji Sandy Turnbull. Walianza kucheza tarehe 1 Januari 1907, siku adhabu ilipokwisha, na mpinzani wao alikuwa Aston Villa ileile. United ilishinda 1-0, krosi ya Meredith, bao la Turnbull. Kutoka hapo United ilichukua ubingwa wa ligi mwaka 1908, Kombe la FA mwaka 1909 na ubingwa tena mwaka 1911. Hayo yalikuwa mataji makubwa ya kwanza ya klabu hiyo.

Chama cha wachezaji

Yaliyompata yalimfanya Meredith aone kwamba tatizo ni kubwa kuliko mtu mmoja. Klabu zilijaza viwanja, zikauza tiketi, lakini mchezaji hakuwa na haki ya kupanga mshahara wake wala kuhama bila ruhusa ya klabu. Akiumia, alikuwa amekwisha.

Mwaka 1907 mchezaji wa United aliyeitwa Thomas Blackstock alianguka baada ya kupiga mpira kwa kichwa katika mechi ya kikosi cha pili, akafariki. Familia yake haikupata fidia.

Tarehe 2 Desemba mwaka huohuo, wachezaji walikutana katika hoteli ya Imperial mjini Manchester wakaunda chama chao. Mwenyekiti wa kikao alikuwa Meredith. Chama hicho kilitaka kiwango cha juu cha mshahara kiondolewe na wachezaji walioumia walipwe.

FA haikufurahi. Mwaka 1909 iliwataka wachezaji wajitoe kwenye chama kama wanataka kuendelea kucheza. Wengi walisalimu amri. Wachezaji wa United walikataa, wakafungiwa, na wakafanya mazoezi wenyewe kama timu ya watu waliofukuzwa. Msimu ulipokaribia kuanza FA ililegeza msimamo na kukitambua chama. Lakini kiwango cha juu cha mshahara kiliendelea kwa miaka mingine zaidi ya hamsini, mpaka kilipofutwa mwaka 1961. Chama kile ndicho leo kinachoitwa PFA, chama cha wachezaji wa kulipwa wa England.

Ijumaa Kuu ya mwaka 1915

Sasa tuje kwenye mechi yenyewe. Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimeanza mwaka 1914, lakini ligi ya England iliendelea msimu mmoja zaidi. Kufikia Aprili 1915 kila mchezaji alijua kwamba msimu ukiisha ligi itasimama, na mshahara utasimama nao. Wengine walijua watapelekwa vitani na huenda wasirudi.

Tarehe 2 Aprili 1915, siku ya Ijumaa Kuu, United iliikaribisha Liverpool uwanja wa Old Trafford. United ilikuwa hatarini kushuka daraja. Ilishinda 2-0.

Watu uwanjani waliona kitu hakiko sawa. Liverpool walicheza kama wanatembea. Penalti ilipigwa ikaenda nje mbali na goli. Mshambuliaji wa Liverpool, Fred Pagnam, alipiga shuti likagonga mwamba, na wenzake wa timu yake mwenyewe wakamjia juu kwa hasira, kana kwamba amekosea kutaka kufunga.

Meredith alikuwa akizunguka winga bila kupata mpira. Baadaye alieleza mahakamani kwamba hakujua lolote kuhusu mpango huo, lakini alianza kushuku alipoona wenzake hawampi pasi. Kwa timu iliyozoea kupitisha mashambulizi kwake, hilo halikuwa jambo la kawaida.

Odi zilivyowaumbua

Kilichofichua mpango ule ni fedha za kamari. Wakati huo watu walibeti kwa kujaza kuponi za karatasi. Odi ya matokeo kamili ya 2-0 kwa United ilikuwa saba kwa moja. Maana yake, ukiweka shilingi 1,000 na matokeo yakatoka hivyo, unapata faida ya 7,000 na kurudishiwa 1,000 yako. Kwenye simu leo hiyo ingeandikwa 8.00.

Wachezesha kamari waligundua kwamba fedha nyingi kuliko kawaida ziliwekwa kwenye matokeo hayohayo, 2-0, katika sehemu mbalimbali za nchi. Kushinda kwa United peke yake kungeeleweka. Lakini watu wengi namna ile wanapatia vipi idadi kamili ya mabao? Wachezesha kamari wakashtuka, na vipeperushi vikatolewa kuahidi zawadi kwa atakayetoa habari.

FA ilichunguza, na Desemba 1915 ikatoa hukumu. Wachezaji watatu wa United, Sandy Turnbull, Arthur Whalley na Enoch West, na wanne wa Liverpool, Jackie Sheldon, Tom Miller, Bob Pursell na Thomas Fairfoul, walifungiwa maisha. Sheldon aliwahi kuichezea United, na ndiye aliyekuwa kiungo kati ya pande mbili. Pagnam, aliyegonga mwamba, hakuguswa, kwani alikataa kushiriki. Meredith naye hakukutwa na hatia.

Klabu hazikuadhibiwa na matokeo yaliachwa vilevile. United ilimaliza msimu pointi moja tu juu ya Chelsea, iliyoangukia eneo la kushuka. Chelsea iliokolewa baada ya vita kwa sababu ligi iliongezwa timu.

Gharama kubwa waliilipa wachezaji. Turnbull, yule aliyefunga bao katika fainali ya 1909, aliingia jeshini na kuuawa Ufaransa mwezi Mei 1917. Mwaka 1919 wengi wa waliofungiwa walisamehewa kwa sababu ya utumishi wao vitani, Turnbull akiwa tayari kaburini. West alikuwa amekwenda mahakamani kupinga, akashindwa, na aliendelea kukana. Yeye hakusamehewa mpaka mwaka 1945, akiwa na umri wa miaka 59.

Je, mkeka wako ulichanwa na mpango?

Kisa hiki kinatupa mambo matatu ya kupima maneno ya kijiweni.

La kwanza, mechi hupangwa pale ambapo mchezaji analipwa kidogo au haoni kesho yake, na kuna mtu nje anayeweza kuvuna fedha nyingi. Mwaka 1915 vyote vilikuwepo. Ndiyo maana hatari huwa kubwa zaidi kwenye ligi ndogo ambako mishahara inachelewa.

La pili, fedha ya mpango huacha nyayo. Kampuni za leo zinaona kwa kompyuta kila fedha inapoingia. Fedha nyingi ikimiminika ghafla kwenye matokeo yasiyo ya kawaida, odi inashushwa au dau linafungwa. Hapo ndipo unapoweza kumpima anayekuuzia mechi ya uhakika kwa shilingi 10,000 kwenye simu. Mtu mwenye siri ya kweli hawezi kuigawa kwa watu 500 asiowajua, maana wakibeti wote odi inashuka na siri inavuja. Njia ya matapeli ni nyepesi. Kundi moja wanalitumia ushindi, jingine sare, jingine kufungwa. Kundi litakalopatia litaamini na kulipa tena.

La tatu, mkeka hauhitaji mpango ili uchanike. Chukua mechi yenye odi 2.00 kwa mwenyeji, 3.20 kwa sare na 3.80 kwa mgeni. Gawa 100 kwa kila odi: utapata 50, kisha 31.25, kisha kama 26.3. Jumla inapita 107, wakati nafasi zote za kweli haziwezi kuzidi 100. Hiyo saba na ushee iliyozidi ndiyo sehemu ya kampuni, na ipo kila mechi. Ukiunganisha mechi tano ambazo kila moja ina nafasi ya nusu kwa nusu, nafasi ya kupatia zote ni moja kati ya 32. Mara 31 mkeka unachanika na hakuna mchezaji aliyehongwa.

Mechi za kupangwa zipo. Lakini kwa mtu anayeweka fedha ya mbolea au ada ya mtoto, hesabu hii inachukua nyingi zaidi kuliko mechi za kupangwa.

Uzee uwanjani

Baada ya vita Meredith aliendelea kucheza kana kwamba umri haumhusu. Machi 1920, akiwa na miaka 45, aliichezea Wales mechi yake ya 48 na ya mwisho, dhidi ya England jijini London. Wales ilishinda 2-1. Katika miaka yote ya kuichezea nchi yake hakuwahi kuifunga England mpaka siku ile, na inasimuliwa kwamba alitoka machozi.

Mwaka 1921 alirudi Manchester City. Mechi yake ya mwisho ya mashindano ilikuwa nusu fainali ya Kombe la FA mwezi Machi 1924 dhidi ya Newcastle United. City ilifungwa 2-0. Meredith alikuwa na miaka 49 na miezi minane.

Hakutajirika. Duka lake la vifaa vya michezo liliungua moto mwaka 1909, na baadaye aliendesha baa. Alifariki Manchester tarehe 19 Aprili 1958, akiwa na umri wa miaka 83, wiki chache baada ya ajali ya ndege ya Munich iliyoua wachezaji wa United. Alizikwa kwenye makaburi ya kusini mwa jiji, na kaburi lake likakaa zaidi ya miaka 40 bila jiwe lenye jina. Mwaka 2001 jiwe liliwekwa, na waliochangia gharama ni pamoja na United, City, chama cha soka cha Wales na PFA, chama kilichozaliwa kwenye kikao alichokiongoza mwaka 1907.

Wengine humkumbuka kwa zile pauni 10, wengine kwa krosi zake, na wachezaji wa kulipwa kwa chama. Yote matatu ni yake.